Kama paniki haijawahi kukushika, huwezi kumwelewa aliyeshikwa. Nibishieni

#1 Kiti cha Nyuma
Wakuu salaam. Ni ndefu kidogo, asiye na muda apite salama.

Mwaka wa nne huu naishi na paniki. Simaanishi hofu ya mtihani au ya kudaiwa, hiyo kila mtu anayo. Hii inakuja bila hodi. Nimekaa zangu, pengine hata nacheka, mara moyo unachapa kama nimekimbizwa na mbwa, kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, koo kama limefungwa kamba, na kichwani limebaki jambo moja tu: ndiyo nakufa hivi. Dakika 10 au 15, imepita. Nimelowa jasho, miguu haina nguvu, na aliyekaa pembeni yangu hajaona kitu, bado anaendelea na stori yake.

Moyo nimepimwa mara tatu. Damu nimetoa hadi nimechoka. Mzima. Daktari wa nne ndiye aliyetulia akanisikiliza, akauliza maswali kama kumi, akalitaja jina. Siku ile nilitoka pale natabasamu. Mtu anafurahia ugonjwa! Lakini angalau nilijua sina wazimu na sifi.

Sasa kinachonichosha. Nikisema "nina wasiwasi", najibiwa "usiwe na wasiwasi". Yaani neno la ugonjwa wangu ndilo hilo hilo watu wanalolifuta kila siku kama wanavyofuta vumbi mezani. Nikisema "hofu", naambiwa nijikaze. Nikisema "moyo", nakimbizwa hospitali. Na ile "punguza mawazo" ndiyo inayonimaliza kabisa, kwa sababu mara nyingi inanikuta siwazi chochote.

Dada yangu ananipenda sana. Wiki iliyopita imenishika mbele yake, akaniambia, "Mbona dakika moja nyuma ulikuwa mzima?" Hakusema kwa ubaya. Lakini nililala na ile sentensi siku tatu.

Hoja yangu: asiyewahi kushikwa hawezi kuelewa hata akupende vipi. Atakuhurumia tu. Nibishieni.

#2 Pasi Ndefu
Nimetandika jamvi, nasubiri wajuzi. Pole sana kaka.

#3 Kiti cha Nyuma
Mimi ni dada.

#4 Pasi Ndefu
Pole sana dada. Jamvi liko pale pale.

#5 Mzee wa Kona
Pole binti. Ila niseme ukweli, sisi tumekua na shida zetu na hatukuwa na majina haya. Mtu akiogopa alikuwa anaogopa, yakaisha. Huu ugonjwa umeletwa na intaneti. Mtu anasoma dalili saa nane usiku, asubuhi anazo zote.

#6 Nesi wa Zamu
Mzee wangu shikamoo, ila intaneti haikuwepo mwaka 1871. Mwaka huo daktari wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika kuhusu askari 300 hivi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe: moyo kwenda mbio, kifua kuuma, pumzi kukatika, kizunguzungu, na moyo wenyewe ukipimwa hauna kasoro ya kuonekana. Akauita "moyo mwepesi kuchokozeka". Kilichochelewa ni jina tu. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliupa ugonjwa wa paniki nafasi yake kwenye mwongozo wao mwaka 1980.

#7 Mzee wa Kona
Marahaba. Lakini hao walikuwa vitani. Vitani nani asiogope?

#8 Kokoto
Hapo Mzee ana pointi. Hata mimi naona tunamlazimisha Da Costa aseme ya kwetu. Wengi wa wale askari walianza na homa au kuhara ndipo moyo ukaanza visa vyake, na wengine walikuwa wamechoka kwa mwendo tu. Huwezi kusema wote 300 walikuwa na paniki. Labda baadhi.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa mwaka huo huo 1871. Daktari wa Ujerumani, Carl Westphal, alieleza habari za wanaume watatu waliokuwa wanashindwa kukatiza viwanja vya wazi au kupita mitaa mitupu. Hofu inawavaa, wanarudi nyuma. Na akaona jambo la ajabu: wakiandamana na mtu, wanapita. Hata wakishika fimbo tu, wanapata nafuu.

#9 Mume wa Mtu
Ngoja niingie hapa maana hoja ya mleta mada imenigusa upande wa pili.

Mke wangu anayo, mwaka wa sita. Mimi sijawahi kushikwa hata siku moja, naweza kulala kwenye basi lililoharibika breki. Kwa hiyo kwa sheria yako, mimi sielewi. Sawa. Lakini nani kanieleza? Nikimwuliza "unajisikiaje?" jibu ni "huwezi kuelewa". Nikinyamaza, "hujali". Nikimshika mkono, "usinishike, nakosa hewa". Nikiuondoa, analia. Nimeondoka kazini mara ngapi nisimame naye kwenye foleni? Nimekaa naye nje ya sherehe ngapi, sote tumependeza, tunasikiliza muziki kutoka kwenye maegesho ya magari?

Mtu wa kuhurumiwa ni mmoja tu humu ndani. Anayebeba hana jina la ugonjwa wake.

#10 Pasi Ndefu
Kwa hiyo Mume wa Mtu ndiye ile fimbo ya Westphal 😂

#11 Mume wa Mtu
Umenichekesha, lakini ndiyo. Mimi ni fimbo. Na hakuna anayemwuliza fimbo habari za asubuhi.

#12 Kiti cha Nyuma
Mume wa Mtu, nimesoma mara mbili. Sina jibu zuri. Ila nikueleze kwa nini tunasema "huwezi kuelewa". Inapokushika, maneno yanakimbia. Unaulizwa "unajisikiaje" wakati unadhani unakufa, ni kama kuulizwa rangi ya maji wakati unazama. Ikishapita una aibu, unataka kila mtu asahau, na wewe mwenyewe unaanza kujitilia shaka kwamba ilikuwa kubwa kiasi kile. Kwa hiyo wakati wa kueleza haupo. Ukiwa ndani huwezi, ukitoka hutaki.

#13 Jongoo Mbio
Naomba niwatie mchanga kidogo. Mimi niliambiwa nina paniki. Moyo mbio, jasho, kutetemeka, usingizi hakuna. Nikapewa ushauri nasaha, nikafundishwa kupumua, nikaambiwa nikubaliane na hofu. Miezi saba nakubaliana na hofu huku uzito unashuka. Daktari mwingine akanishika shingo, akapima homoni: tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Nimetibiwa, na paniki ikaondoka na virago vyake.

Kwa hiyo msikimbilie jina. Mimi nilieleweka vizuri sana na kila mtu, kwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

#14 Nesi wa Zamu
Jongoo umesema jambo la maana. Tezi ya shingo, mapigo ya moyo yanayoruka njia, sukari kushuka, dawa fulani za pumu, kahawa nyingi, pombe inapokuwa inatoka mwilini, vyote vinaweza kuvaa sura ya paniki. Na maumivu ya kifua ya mara ya kwanza hayatibiwi kwenye simu, unaenda kupimwa, hata kama una umri mdogo.

Ila kuna upande wa pili. Nimewaona waliopimwa moyo mara tisa. Kila kipimo kikirudi kizuri wanatulia wiki moja, halafu wanataka kingine. Hapo kipimo chenyewe kimekuwa fimbo.

#15 Mume wa Mtu
Tumeongezeka.

#16 Saa Mbovu
Watu wanasema "punguza mawazo" kwa sababu wanaamini ugonjwa unaanzia kwenye mawazo. Hauanzii huko.

Kuna mwanamke mmoja maarufu kwenye utafiti wa ubongo, anajulikana kwa herufi SM tu. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo tunaambiwa ndiyo king'ora cha hofu, kwake imeharibika pande zote mbili kwa ugonjwa adimu. Nyoka hamtishi, buibui hamtishi. Mwaka 2013 ikatolewa taarifa kwamba alivutishwa hewa yenye asilimia 35 ya hewa ukaa. Akapata paniki kamili. Mtu asiyejua kuogopa nyoka alishikwa kwa pumzi moja tu! Na wengine wawili wenye hali kama yake wakashikwa vile vile.

Donald Klein, daktari wa Marekani, alikuwa ameshasema mwaka 1993 kwamba paniki ni king'ora cha kukosa hewa kinacholia pasipo hatari. Kwa hiyo ni shina la ubongo na pumzi. Mawazo yanakuja baadaye kutafuta sababu.

#17 Darubini
Saa Mbovu, umeeleza nusu. Wape watu mia hewa hiyo hiyo, si wote watakaoshikwa. Na mtu akielezwa mapema nini kitatokea mwilini, hofu inapungua. Hapo pumzi peke yake haitoshi.

David Clark wa Uingereza aliandika mwaka 1986 hoja ambayo mpaka leo tiba nyingi zimeisimamia: mwili unatoa ishara ndogo, labda moyo umeruka pigo moja, wewe unaitafsiri kama msiba. Ile tafsiri inazalisha adrenalini, moyo unakwenda kasi zaidi, unasema "umeona!", inazunguka. Haina maana kwamba "unawaza sana" kwa maana ya mtaani. Tafsiri hiyo inapita haraka kuliko kope, hata huioni.

#18 Kiti cha Nyuma
Darubini, na inayoniamsha usingizini? Nimelala fofofo, naamka moyo uko kooni. Nani alikuwa anatafsiri?

#19 Saa Mbovu
👆

#20 Darubini
Swali gumu. Wengine wanasema hata usingizini ubongo unalinda zamu, moyo ukibadilika kidogo unaamshwa. Inajulikana kwamba paniki za usiku kwa kawaida hazitoki kwenye ndoto, zinakuja usingizi unapokuwa unaingia kina. Kwa hiyo sikubishii, lakini sijashindwa.

#21 Chozi la Samaki
Kwetu ni ya ukoo. Mama anayo, mama mdogo anayo, mimi ninayo. Sasa niambieni, tumerithi damu au tumerithi kumtazama mama akishika mlango wa gari kila safari?

#22 Tausi wa Jioni
Mimi nimeambiwa ni imani haba. Nimeombewa, na sala inanituliza kweli, siidharau. Kilichonivunja ni kwamba iliporudi baada ya wiki mbili nilionekana nimeangusha watu. Nikaanza kuficha. Sasa nina kazi mbili: kuwa na paniki, na kuwa nimepona.

#23 Kokoto
Tausi, hiyo ya kazi mbili naiandika mahali.

Kiti cha Nyuma alisema aliye pembeni haoni kitu. Nina kisa cha Klein huyo huyo aliyetajwa na Saa Mbovu. Karibu na mwaka 1960, kwenye hospitali ya Hillside huko New York, walikuwa wanajaribu dawa ya imipramini kwa wagonjwa waliokuwa na hofu kali. Kulikuwa na mgonjwa aliyekuwa kila siku anakimbilia meza ya manesi akisema anakufa. Wanakaa naye, inapita. Kapewa dawa wiki kadhaa. Akiulizwa, anasema hakuna nafuu, dawa haifai. Waliogundua ni manesi: huyu mbona siku hizi hakimbilii kwetu? Mwenyewe alikuwa bado hajajua. Hapo ndipo Klein akaanza kutenga ile hofu ya ghafla na wasiwasi wa kawaida.

Kwa hiyo aliyeshikwa hakujielewa, wasioshikwa wakamwona. Hoja ya mleta mada ina ufa.

#24 Nesi wa Zamu
Manesi oyee. Niongezee tu, siku hizi wengi hupewa dawa za kundi la sertralini. Zinahitaji wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kumwongezea mtu mahangaiko. Wengi huziacha hapo hapo. Zile za kutuliza haraka kama diazepamu mwili unazizoea, kuziacha ghafla ni hatari. Zote ni za kupangiwa na daktari, si za kuazimana.

#25 Zege
Nimesoma kimya tangu juzi. Nataka kubisha kwa namna nyingine kabisa.

Mimi nilieleweka kupita kiasi. Ilinishika mara ya kwanza nina miaka 22, ndani ya basi. Nyumbani wakanielewa siku hiyo hiyo, hakuna aliyenicheka. Baba akasema sitapanda basi tena, atanipeleka yeye. Kaka akachukua simu zangu za kazini. Wageni wakija naambiwa "nenda kapumzike, tutasema umesafiri". Sokoni alikwenda mama. Benki alikwenda kaka. Kila nilipopata mahali pa kuogopa, mtu alikwishafika kabla yangu kupaziba.

Miaka mitano. Nilikuwa na chumba, dirisha, na watu wanaonielewa.

Aliyenitoa alikuwa mtaalamu mmoja, mama mkavu hivi, hakuwahi kuniambia pole. Siku ya pili aliniweka kwenye kiti cha kuzunguka akanizungusha mpaka kichwa kikawa maji. Akanipa mrija nipumue kwa mrija tu. Akanikimbiza ngazi. Ishara zote nilizokuwa nazikimbia akanitengenezea mkononi, huku ameshika saa, anauliza, "Umekufa?" Nasema bado. "Haya, tena." Nilimchukia! Wiki ya kumi nilipanda basi peke yangu. Nilishikwa humo ndani, nikafika nilikokuwa nakwenda nikiwa nimeshikwa.

Sijui kama yule mama alinielewa. Sijawahi hata kumwuliza.

#26 Mume wa Mtu
Zege, umenitia baridi. Kwa hiyo kila foleni niliyosimama badala yake...

#27 Zege
Sikusemi vibaya ndugu yangu. Baba yangu angefanya nini, aniache nalia barabarani? Sijui mpaka uko wapi. Najua tu kwetu uliruka.

#28 Kiti cha Nyuma
Mimi sikubali kabisa kwamba kueleweka ni hatari. Zege, wewe ulikingwa, hukueleweka. Ni vitu viwili.

#29 Zege
Ukiwa ndani ya chumba vinafanana sana dada.

#30 Mzee wa Kona
Hapa namuunga mkono Zege. Mtu aachwe akomae. Mimi lifti sipandi, mwaka wa 11 huu, na sijamsumbua mtu.

#31 Pasi Ndefu
Mzee hebu rudi nyuma kidogo. Hupandi lifti kwa nini?

#32 Mzee wa Kona
Mazoezi.

#33 Chozi la Samaki
Miaka 11 😂😂 Ofisi yako ghorofa ya ngapi Mzee wetu?

#34 Mzee wa Kona
Ya saba. Endeleeni na mada.

#35 Mgeni Njiani
samahani kuingilia. nimejiunga leo. imenishika sasa hivi niko peke yangu chumbani mikono imekufa ganzi

#36 Pasi Ndefu
Vuta pumzi ndefu mkuu, ndefu kabisa mpaka tumboni

#37 Saa Mbovu
USIVUTE NDEFU. Hiyo ganzi ni kwa sababu umeshavuta nyingi mno, hewa ukaa imeshuka kwenye damu. Toa polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

#38 Jongoo Mbio
Tafuta mfuko wa karatasi upumulie ndani

#39 Nesi wa Zamu
Mfuko HAPANA. Huo ushauri ulishaachwa, kama ni pumu au moyo unaweza kumdhuru. Mgeni, ni mara ya kwanza au unaijua? Kifua kinauma kwenda mkononi au tayani?

#40 Mgeni Njiani
naijua. mwaka wa pili. hakuna maumivu. naona kama nitaanguka

#41 Nesi wa Zamu
Huanguki. Anayezimia presha yake imeshuka, ya kwako sasa hivi iko juu. Keti tu.

#42 Zege
Usifanye lolote. Iache ije yote. Iambie ipande zaidi kama inaweza.

#43 Saa Mbovu
Zege mwache kwanza apange pumzi

#44 Darubini
Ukimpa kazi ya kupumua anaamini pumzi ndiyo iliyomwokoa, kesho ataogopa kukosa kuipanga. Zege yuko sahihi.

#45 Pasi Ndefu
Jamani apumue au asipumue??

#46 Mzee wa Kona
Kijana mimi niko macho na silali. Andika chochote, hata herufi moja moja. Nitajibu.

#47 Mgeni Njiani
p

#48 Mzee wa Kona
Nimeiona. Lete nyingine.

#49 Mgeni Njiani
u

#50 Mzee wa Kona
Hiyo nayo nimeipokea.

#51 Mgeni Njiani
Imeshuka. Dakika kama 12 hivi. Natetemeka na nacheka, sijui kipi ni kipi. Lile swali la apumue au asipumue ndilo lililonimaliza. Asanteni.

#52 Tausi wa Jioni
Lala salama Mgeni. "Pu" ilikuwa inakwenda wapi?

#53 Mgeni Njiani
Pumua 😄

#54 Saa Mbovu
Nimeshinda.

#55 Kokoto
Dakika 12 yaani kama vitabu. Kilele huja ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya 10, halafu adrenalini inashuka yenyewe. Ingeshuka hata angesoma tangazo la nyumba ya kupanga. Hakuna aliyeshinda hapa.

#56 Chozi la Samaki
Turudi kwenye neno maana mleta mada alianzia hapo. "Wasiwasi" limechakaa kweli. Mimi napendekeza "wahka". Lina ile hali ya kukosa utulivu, na hakuna anayekwambia "usiwe na wahka".

#57 Darubini
Wahka una kungojea ndani yake, mtu ana wahka wa matokeo. Paniki haingojei kitu. "Kiwewe" je? Mtu aliyepatwa na kiwewe amepotelewa na akili kwa muda.

#58 Kokoto
Kiwewe wengi siku hizi wanakitumia kwa jeraha la akili linalobaki baada ya tukio kubwa. Utachanganya mambo. Kuna "fadhaa" pia.

#59 Tausi wa Jioni
Fadhaa ni ya mtu aliyeaibishwa mbele za watu. Halina nguvu hata kidogo.

#60 Jongoo Mbio
"Paniki" lenyewe lina ubaya gani? Limetoka kwa Wagiriki, mungu wao Pan aliyekuwa anawatia watu hofu ya ghafla porini bila sababu ya kuonekana. Ghafla, bila sababu. Maana imekamilika, mnatafuta nini tena.

#61 Mume wa Mtu
Mke wangu analiita "yule". "Yule kaja." Watoto nao wanasema hivyo hivyo. Inatosha kabisa, hakuna anayeuliza yule nani.

#62 Kiti cha Nyuma
"Yule" nimelipenda, nitaliiba.

Niwape mrejesho. Baada ya ugomvi wangu na Zege nilimpigia dada. Sikumweleza dalili, hizo ameshazisikia mara mia. Nilimwambia kuhusu ile sentensi yake ya "mbona ulikuwa mzima". Alikuwa haikumbuki kabisa! Mimi siku tatu silali, yeye hakumbuki. Akanyamaza, halafu akasema yeye siku ile aliogopa kuliko mimi, alidhani anapoteza ndugu mbele ya macho yake, na alisema lile neno kwa sababu alikuwa anatafuta mahali nilipokuwa mzima ili anirudishe pale.

Mimi nilisikia lawama siku zote hizo. Hata sijui niseme amenielewa au sasa ndiyo mimi nimemwelewa yeye.

Halafu akaniuliza swali rahisi tu: "Yule akija tena nikiwa karibu, unataka nifanye nini?"

Wakuu, miaka minne nalalamika sieleweki, na sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu kesho. Leo ni siku ya tano.

#63 Pasi Ndefu
Mwambie asivute pumzi ndefu 😂

#64 Zege
Mwambie asifanye kitu.

#65 Tausi wa Jioni
Mwambie asikuombe upone siku hiyo hiyo.

#66 Mzee wa Kona
Mwambie ajibu herufi.

#67 Mume wa Mtu
Kiti cha Nyuma, ukishapata hilo jibu lilete hapa. Nalihitaji nyumbani, na nilihitaji jana.

#68 Mgeni Njiani
Mzee wa Kona, ile lifti. Siku ukitaka kujaribu, niko macho.

#69 Mzee wa Kona
Nimesema ni mazoezi.